Enikő: Jina la Kale Lililotungwa Juzi

Msikilizaji, leo tunalitazama jina moja la kike kutoka Hungaria, jina Enikő. Tuanze kwa kulitamka, maana redioni hakuna maandishi ya kutusaidia. Mazoea yetu ya Kiswahili yatatusukuma tuweke mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, lakini Kihungari huweka mkazo mwanzoni mwa neno sikuzote, kwa hiyo ile silabi ya kwanza ndiyo inayobeba nguvu. Irabu ya mwisho nayo ni tofauti na o ya “moto”: ulimi hukaa pale unapokaa tukisema e, midomo ikaviringwa kama tunasema o, sauti ikavutwa. Ukiwauliza Wahungari maana ya jina hili, watakutajia ayala jike, yule mnyama ambaye wasomaji wa Zaburi wanamjua kwa shauku yake ya maji. Ukiuliza umri wake, ndipo majibu yatakapogawanyika. Wapo watakaosema ni jina la mama wa taifa zima, la tangu zama za kuhamahama nyikani. Wengine watasema lilitungwa na mshairi katika karne ya 19. Kila upande una ushahidi wake, na ubishi huo ndio mada yangu. Ninadai kwamba jina haliwi la wenyewe kwa wingi wa miaka yake. Huwa la wenyewe pale mambo matatu yanapokutana: mzizi uliokuwepo kweli, umbo linalokubalika katika sarufi ya lugha, na haja ya watu kulitumia. Enikő ina yote matatu, kwa hiyo anayeiita jina la kughushi anakosea, na anayeiita ya kale bila kueleza zaidi anakosea vilevile.

Tuanze na mzizi. Kati ya mwaka 1282 na 1285 hivi, padri mmoja wa ikulu ya Mfalme László wa Nne, aitwaye Simon wa Kéza, aliandika kwa Kilatini kitabu cha tarehe ya Wahuni na Wahungari. Anasimulia kwamba baada ya lugha za watu kuvurugwa penye Mnara wa Babeli, jitu liitwalo Menrot, ambaye msomaji wa Biblia atamtambua kuwa Nimrodi, lilihamia nchi ya Havila, na huko mkewe Eneth akamzalia wana wawili, Hunor na Mogor. Siku moja vijana hao waliondoka kwenda kuwinda. Mbele yao akatokea ayala jike, wakamfuata mpaka kwenye vinamasi vya kando ya Bahari ya Azov, na huko akawapotea. Walimtafuta wasimwone, lakini waliipenda nchi ile kwa malisho yake, wakaomba ruhusa ya baba yao wakahamia huko. Mwaka wa sita walitoka vinamasini, wakawakuta wake na watoto wa wana wa Belar bila wanaume wao, wakawachukua. Kati yao walikuwamo mabinti wawili wa Dula, mkuu wa Waalani. Hunor akamwoa mmoja na Mogor mwingine, na kutoka kwao, anasema Simon, wakatoka Wahuni wote na Wahungari wote. Eneth mwenyewe anatajwa kwa maneno machache tu na simulizi inampita. Hatuambiwi alikuwa binti ya nani, wala jina lake lina maana gani.

Ukimya huo wa mwandishi ni ushahidi. Wasomi wa baadaye, ambao huliandika jina hilo Enéh kwa tahajia ya Kihungari, waliliweka kando ya neno la Kihungari ünő, linalomtaja ayala jike na pia mtamba, yaani ng’ombe jike ambaye bado hajazaa. Neno hilo lina ndugu katika lugha za jamii ya Kituruki, kama Waturuki wa leo wanavyomwita ng’ombe jike inek. Ikiwa ulinganisho huu ni sahihi, basi simulizi ya Simon ina maayala wawili: mmoja anayewaongoza vijana kwenye nchi yao mpya na mwingine anayewazaa. Watafiti wengi wamekisia kwamba katika masimulizi ya mdomo, kabla ya makasisi kuyaandika, hao wawili walikuwa mmoja, mnyama aliye mama wa ukoo, kama ilivyokuwa desturi ya makabila ya nyika za Asia na Ulaya Mashariki kujihesabia asili ya mnyama. Simon mwenyewe haonyeshi dalili ya kuuona uhusiano huo. Angekuwa amelibuni jina kwa ajili ya maana yake, inaelekea angeieleza, kwa kuwa waandishi wa zama zile walipenda sana kueleza majina. Kulitaja bila neno lolote kunaonyesha kwamba alilipokea kwa wasimuliaji akaliandika alivyolisikia. Basi sharti la kwanza limetimia: chini ya Enikő upo mzizi wa zamani, na haukutoka kichwani mwa mshairi.

Lakini mzizi pekee si jina la mtu. Kwa karne nyingi baada ya Simon, wasichana wa Hungaria waliobatizwa waliitwa Erzsébet, Katalin, Margit, Anna na Ilona, majina yaliyoletwa na Kanisa pamoja na watakatifu wake. Enéh ilibaki kitabuni. Aliyeitoa humo, kwa maelezo ya wataalamu wa majina wa Hungaria, ni mshairi Mihály Vörösmarty, aliyezaliwa mwaka 1800 na kufariki mwaka 1855, mtunzi wa Szózat, shairi la mwaka 1836 ambalo Wahungari huliimba hadi leo kama wimbo wa pili wa taifa. Alilichukua jina la mama wa tarehe ile na kulivika kiambishi cha udogo na mapenzi ambacho lugha yake ilikuwa nacho tayari, kiambishi kilekile kinachomfanya János aitwe Jankó na Pál aitwe Palkó. Kihungari kina sheria ya ulinganifu wa irabu: irabu za kiambishi hufuata tabia ya irabu za mzizi. Kwa kuwa e na i za mzizi huu ni za mbele ya kinywa, -kó ikageuka -kő. Hakuna kilichoazimwa nje. Mzungumzaji wa Kihungari anayelisikia Enikő kwa mara ya kwanza hulisikia kama jina la nyumbani, hata kama hajawahi kuisoma tarehe ya Simon. Hilo ni sharti la pili.

Ili kuelewa kwa nini mshairi alijipa kazi ya kutunga majina, inafaa kukumbuka hali ya lugha yake wakati ule. Hungaria ilikuwa chini ya wafalme wa Habsburg, na shughuli za serikali ziliendeshwa kwa Kilatini. Mwaka 1784 Mfalme Joseph wa Pili aliamuru Kijerumani kichukue nafasi hiyo. Amri yake haikudumu, lakini iliwashtua wasomi wa Kihungari, wakaona kwamba lugha isiyokuwa na maneno ya sheria, sayansi na sanaa itabaki ya jikoni na malishoni. Ndipo zikaja harakati za kuiunda upya lugha, zikiongozwa na Ferenc Kazinczy. Maelfu ya maneno yalitungwa kwa kuunganisha, kukata na kufufua. Mdomo wa ndege, kwa mfano, ulipata jina csőr, kwa kubanwa pamoja maneno mawili ya mrija na pua. Wapinzani walicheka, na mwaka 1813 walichapisha kijitabu cha dhihaka kiitwacho Mondolat. Hata hivyo mwaka 1825 hatua ya kuanzisha Akademia ya Hungaria ilichukuliwa, na mwaka 1844 sheria iliifanya lugha ya Kihungari kuwa lugha rasmi ya dola. Vörösmarty alikuwa mtoto wa harakati hizo. Katika tamthilia yake Csongor és Tünde, iliyochapishwa mwaka 1831, alimpa shujaa wake wa kike jina Tünde, alilolipata kwa kukata mwisho wa neno tündér, yaani malaika wa hadithi za kichawi. Kutoka csillag, nyota, lilipatikana jina Csilla. Hata kabla ya Vörösmarty, mwaka 1788, András Dugonics, padri na mwandishi wa riwaya, alikwishawapa wasomaji Etelka. Kwa hiyo Enikő haikuzaliwa peke yake. Ilikuja na dada zake.

Sasa tuisikilize pingamizi ya kwanza, ambayo ndiyo nzito zaidi. Mtu atasema: ukikubali jina lililotungwa na mshairi kuwa la asili, umefungua mlango kwa kila kitu; kesho yeyote atabuni sauti tatu, atazipa hadithi ya kale, na tutalazimika kuziheshimu. Ninajibu kwamba historia ya majina hayahaya inaonyesha kuwa mlango haukuachwa wazi. Watunzi walitunga mengi, na watu walichagua machache. Vörösmarty huyohuyo, katika utenzi wake wa kishujaa wa mwaka 1825, Zalán futása, alimwita binti mmoja Hajna, kwa kulikata neno hajnal, yaani alfajiri, kwa namna ileile aliyolikata tündér miaka michache baadaye. Mtunzi ni yuleyule, mbinu ni ileile, maana ni nzuri, na utenzi ulisifiwa sana. Lakini Tünde ikawa jina la kawaida kabisa, na Hajna ikabaki adimu, wazazi waliotaka alfajiri wakipendelea Hajnalka, yenye neno zima ndani yake. Heshima ya mshairi haikutosha kulibeba jina. Baada ya mtunzi alikuwepo mwamuzi mwingine, nao ni umma unaobatiza, unaosajili na unaoita. Jina la kughushi ni lile linalosimama kwa hadithi ya uongo pekee. Ukiiondoa hadithi, linaanguka. Ondoa hadithi ya kwamba Enikő imetamkwa vivyo hivyo tangu zama za nyikani, na bado utabaki na mzizi, sarufi, na vizazi vya wanawake walioitwa hivyo.

Pingamizi ya pili inatoka kwa wanahistoria. Wanasema kwamba hadithi yenyewe ya Hunor na Mogor si kweli: Wahungari si ndugu wa Wahuni, na Simon aliwaunganisha ili ionekane kwamba Wahungari walipoingia katika bonde la Karpati mwishoni mwa karne ya 9 walikuwa wanarudi kwenye urithi wa Attila, mfalme wa Wahuni, si kuvamia nchi ya wengine. Ushahidi wa lugha uko upande wao. Mwaka 1770 János Sajnovics, Mjesuiti aliyekuwa amesafiri hadi Vardø, kaskazini kabisa mwa Norwei, kuitazama sayari ya Zuhura ikipita mbele ya jua, alichapisha kitabu kinacholinganisha Kihungari na lugha ya Wasami. Njia aliyoifungua iliwafikisha wanaisimu kwenye jamii ya lugha inayokijumuisha Kihungari na Kifini: samaki kwa Kihungari ni hal na kwa Kifini ni kala, damu ni vér huku na veri kule. Ninakubali hayo yote. Lakini tuangalie yanathibitisha nini hasa. Yanathibitisha kwamba tarehe ya Simon haifai kuwa shajara ya ukoo wa Wahungari. Hayagusi swali la iwapo jina Enéh lilikuwepo, wala la iwapo lilikuwa na maana ya ayala. Kwa kweli yanaongeza jambo la kuvutia: ikiwa ünő lilitoka kwa majirani wa Kituruki, basi jina ambalo wengi huliona kuwa la Kihungari kuliko yote lina mzizi wa kuazimwa, kama alma, tofaa, ambalo Waturuki huliita elma. Wahungari waliishi karne nyingi jirani na makabila ya Kituruki kabla ya kufika Ulaya ya Kati, na lugha yao ilibeba kumbukumbu za ujirani huo. Ukale wa jina, basi, haumaanishi usafi wa damu. Tena, wengi wa wanaochunguza tarehe hizi wanaona kwamba Mogor lilichongwa kutokana na Magyar, jina ambalo Wahungari hujiita, ili taifa lipate baba mwenye jina lake. Ikiwa ndivyo, utungaji haukuanza na mshairi wa karne ya 19. Tarehe ya karne ya 13 nayo ilibuni majina.

Hapo yupo atakayeuliza mbona basi tusiyaache haya yote, tukabaki na majina ambayo hayana shaka, yale ya Kanisa. Swali hilo lina jibu katika majina yenyewe. Erzsébet ni Elisabeti wa Waebrania. Katalin na Margit yalipita kwa Wagiriki na Walatini. Yalifika kama wageni, yakageuzwa matamshi, yakabebwa na watu wakubwa kama Mtakatifu Erzsébet aliyefariki mwaka 1231, binti wa Mfalme András wa Pili, na leo hakuna anayethubutu kusema si majina ya Kihungari. Yalipata uraia kwa kutumika. Ildikó ni mfano mwingine. Katika karne ya 6 Jordanes aliandika kwamba Attila alikufa usiku wa harusi yake na binti aliyeitwa Ildico, na jina hilo wanaisimu huliona kuwa la asili ya Kijerumani. Wahungari wa zama za karibu walilifufua, wakaliandika kwa tahajia yao, na mwisho wake -kó ukalifanya lisikike kama la kwao tangu jadi. Ukiyaweka pamoja Erzsébet, Ildikó na Enikő, utaona njia tatu tofauti, ya Kanisa, ya historia ya Wahuni na ya mshairi, zote zikiishia kwenye daftari moja la vizazi. Anayekubali mawili ya kwanza na kulikataa la tatu inambidi aseme kanuni yake ni ipi, nami siioni.

Limebaki sharti la tatu, la haja, na hapa ndipo Enikő inapoonyesha nguvu zake. Jina lisilo na mtakatifu lilikuwa na kikwazo mbele ya kasisi anayebatiza. Kuanzia tarehe 1 Oktoba 1895 serikali ya Hungaria ilichukua kazi ya kusajili vizazi, na jina la mtoto likaacha kuwa suala la Kanisa pekee. Jambo la kupendeza ni kwamba desturi ya kikanisa haikutupwa: Wahungari husherehekea siku ya jina, na kalenda zao zikampa Enikő siku yake, tarehe 15 Septemba, ingawa hakuna mtakatifu wa jina hilo. Baadaye siasa zikaleta haja nyingine. Mkataba wa Trianon wa mwaka 1920 uliwaacha mamilioni ya Wahungari nje ya mipaka mipya ya nchi yao, wengi wao Transilvania, ndani ya Romania. Majina ya watakatifu yana sura yake katika kila lugha ya Kikristo. István kwa Kiromania ni Ștefan, Erzsébet ni Elisabeta, na mwandishi wa ofisi aliweza kuandika sura ya Kiromania akidai ni jina lilelile. Enikő, Tünde, Emese na Réka hayana sura ya Kiromania. Wazazi wengi wa jamii hiyo ya wachache waliyachagua majina ya namna hii kwa sababu hiyohiyo, hasa katika miongo ya utawala wa kikomunisti, kwa kuwa karani hakuwa na tafsiri ya kuandika. Mshairi alikuwa amelitunga jina kwa ajili ya uzuri wa lugha. Karne moja baadaye likawa kinga ya familia mbele ya dirisha la msajili.

Pingamizi ya mwisho inazaliwa papo hapo. Je, jina lililotumika hivyo si bendera ya utaifa, na je, tunapaswa kulisifu? Ninaona pingamizi hii ina ukweli nusu. Ni kweli kwamba hadithi ya Wahuni imetumiwa na watu waliotaka kujikweza juu ya majirani zao, na majina kutoka hadithi hiyo yanaweza kubeba majivuno hayo. Lakini jina moja hutumika na watu wengi kwa sababu nyingi. Mzazi wa Budapest anayelipenda kwa sauti yake, mzazi wa Transilvania anayetaka binti yake aandikwe kama anavyoitwa, na mpenda makuu anayemtaka mtoto awe wa ukoo wa Attila, wote huandika herufi zilezile tano. Tukilihukumu jina kwa nia mbaya ya baadhi, tutalazimika kuyahukumu pia majina ya wafalme na watakatifu, maana nayo yamebebwa kwenye vita. Tulichonacho mkononi ni historia ya jina, na historia hiyo ikielezwa sawasawa ndiyo dawa ya majivuno: inaonyesha mzizi unaoelekea kuwa wa Kituruki, hadithi iliyofungwa kwenye Biblia na kasisi anayeandika Kilatini, na umbo lililokamilishwa na mshairi wa zama za magazeti na majumba ya tamthilia. Mtu anayeyajua hayo hawezi kulitumia Enikő kuthibitisha usafi wa taifa lolote.

Kwa hiyo, msikilizaji, ukikutana na kamusi ya majina inayosema kwa mstari mmoja kwamba Enikő ni jina la kale la Kihungari lenye maana ya ayala, ujue imekupa theluthi ya habari. Maelezo ya haki yanahitaji kutaja nyakati tatu jina hili lilipotendewa kazi: lilipoandikwa kwa Kilatini katika karne ya 13, lilipopewa umbo lake katika karne ya 19, na lilipoingia madaftarini na kalendani baada ya hapo. Kila hatua ilifanywa na watu wanaoweza kutajwa au kutambulika, kwa sababu zinazoweza kuelezwa, na hakuna hatua inayoifuta nyingine. Tunaposikia majina ya watu wengine yakigawanywa kuwa ya kweli na ya kubuni, tuulize kwanza kama kuna jina lolote ambalo halikubuniwa na mtu wakati fulani. Yote yalibuniwa. Yanapotofautiana ni kama mzizi wake unaonekana, kama lugha iliyapokea, na kama wapo watu ambao hadi leo wanaitika wanapoitwa hivyo.